Kufumua ili Kufuma

Babu yangu mzaa baba alikuwa mfumi wa seketa. Seketa ni nguo ya pamba ya Wafipa, nzito, ya kufunga kiunoni mchana na kujifunika usiku, na ilikuwapo kabla watu wa huku hawajasikia habari za amerikani. Pamba yake ilitoka chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, maana huku juu kwenye uwanda baridi haiiachi ikakomaa. Ilitolewa mbegu kwa vidole, ikasokotwa kwa kijiti, kisha mtande ukatandazwa karibu na ardhi katikati ya vigingi, na mfumi akakaa chini akipitisha mshindio mstari kwa mstari. Nguo moja ilikula wiki kadhaa. Wazungu waliopita nchi hii katika karne ya 19 waliisifu nguo hiyo na kuyastaajabia malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, ambayo mengine bado yamesimama mashambani mpaka leo. Babu alinieleza kazi yake nikiwa binti mdogo na yeye macho yamekwisha kufifia, lakini akizungumza vidole vyake vilisokota hewa.

Nimeanza na babu kwa sababu wenzangu wa kikoba, waliponitaka nitoe ushuhuda wa jinsi nilivyouvuka mwaka 2020, walitegemea nianze na korona. Korona itakuja. Ila shida iliyonikuta hapa Mazwi, Sumbawanga, mbele ya mashine yangu ya kufumia masweta, ilikwisha kumkuta babu miaka mia moja nyuma, na ilikuwa ileile: mikono ipo, ujuzi upo, uzi uko kwa mtu mwingine.

Kuna wanaosema Wafipa waliacha kufuma kwa uvivu au kwa kupenda vya wageni. Hilo silikubali. Amerikani, nguo ya viwanda vya Massachusetts, ilikuwa imeanza kushushwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem tangu miaka ya 1830, ikapandishwa bara na misafara, na bado wafumi wa bondeni waliendelea na kazi yao kwa miongo mingi. Nguo ya dukani ilikuwa rahisi lakini nyepesi, na hapa kwetu upepo wa Julai haucheki na nguo nyepesi. Kilichowavunja ni kwamba vijana waliondoka. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilianza 1898, na rupia haikuoteshwa shambani. Aliyetaka kuipata alikwenda kuitafuta mbali. Kusokota uzi ni kazi inayotaka mikono mingi kuliko kufuma kwenyewe, na mikono hiyo ilikuwa njiani kuelekea pwani. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipokata meli na nguo za dukani zikaadimika, wafumi walirudi kwenye vitanda vyao vya kufumia, na babu alisema hakuna miaka aliyofuma kama ile. Meli ziliporudi, kazi ikafa tena. Baadaye hata kilimo chenyewe cha pamba kilizuiwa kwa miaka mingi katika upande huu wa kusini, kwa kuogopa funza mwekundu asienee kwenye mikoa mingine inayotegemea zao hilo. Ufundi wa babu haukuuawa na mikono kusahau. Uliuawa na uzi kukatika.

Baba hakufuma hata mstari mmoja. Alikwenda Tanga kukata mkonge, manamba, akarudi na blanketi la kijivu lililoshonwa pindo kwa uzi mwekundu. Tulilala chini yake watoto wote, na anayevuta upande wake usiku alipigwa kibao. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari; wenzetu wa Dar es Salaam wanaposema Juni kuna kibaridi, sisi tunatabasamu tu.

Niliolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiwa haina nguo. Vita ya Uganda ilikuwa imekula akiba, mafuta yamepanda, fedha za kigeni hakuna. Viwanda tulikuwa navyo: Urafiki, uliofunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, Mwatex kule Mwanza, Mutex kule Musoma. Pamba tulilima wenyewe, safari hii uzi ulikuwa wetu, lakini mashine zilisimama kwa kukosa vipuri na umeme. Nguo kidogo iliyofika Rukwa ilipitia RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, kwa kibali, na foleni ilianza usiku. Ajabu ni kwamba tulikuwa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Ungemkuta mkulima ana magunia mpaka darini, suruali yake ina viraka juu ya viraka. Nafuu ilitoka Zambia, vitenge vilivyovushwa mpakani kwa miguu, chini ya mzigo wa kitu kingine. Bajeti ya Juni 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa alikozitoa, mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na mitumba ikaanza kumwagika minadani. Wanaojua uchumi wanasema mitumba iliviua viwanda vyetu. Sikatai. Ila mimi niliyempokea mwanangu wa kwanza kwa khanga moja iliyochanika, siwezi kuitukana mitumba kwa moyo wote.

Kufuma nilijifunza kwa masista, kwanza kwa sindano mbili, halafu kwa mashine ya mkono, ile ya mezani yenye safu ya sindano za ndoano, unapeleka mkono wake kushoto na kulia na kila safari inazaa mstari. Mume wangu alipofariki watoto wakiwa bado shuleni, nilinunua mashine ya namna hiyo iliyokwisha tumika, nikaiweka chumba cha mbele. Mashine hiyo ndiyo iliyowalea watoto, na wajukuu baada yao.

Kazi hii ina majira kama shamba. Kuanzia Januari unafuma, Mei baridi inashuka, Juni na Julai unauza. Wateja wakubwa ni shule. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yalifurika, na kila mtoto aliyeongezeka alikuwa mgongo unaohitaji sweta. Uzi wenyewe ni akriliki, ingawa sokoni huitwa sufu. Unakuja kwa koni kutoka Kariakoo. Zamani masika ilikuwa balaa, malori yanazama kwenye tope njia nzima kutoka Tunduma na koni zako zimo humo zinalowana. Siku hizi basi linazileta bila shida juu ya lami iliyojengwa kwa fedha za Wamarekani, zile za MCC. Wajukuu wa waliotuletea amerikani wametuletea na barabara ya kupitishia uzi wa China. Dunia hii ina vichekesho vyake.

Sasa 2020. Mwanzoni mwa mwaka nilipata maagizo ya shule kadhaa kwa mpigo, makubwa kuliko niliyowahi kupata. Nilihitaji koni nyingi mara moja. Benki ilitaka hati ya nyumba, na nyumba ninayokaa ni ya urithi, haina hati. Kikoba chetu kilikuwa kimeshagawa fedha zote kwa ajili ya mbolea. Zikabaki zile fedha ambazo mjini humu kila mtu anazijua kwa jina la kausha damu: asilimia thelathini kwa mwezi, marejesho kila wiki, dhamana mashine yangu. Nikasaini.

Machi 17 Waziri Mkuu akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Wakati huo masweta mengi nilikuwa nimeyamaliza, yamepangwa kitandani kwangu, bluu ya shule hii, kijani ya shule ile. Walimu wakuu walipiga simu mmoja mmoja, kwa adabu, wakisema kitu kimoja: “Mama, tusubiri kwanza.” Hakuna aliyekosea. Lakini marejesho hayakusubiri. Kufikia Mei vijana wawili walikuja na bajaji, wakakung'uta mashine vumbi kama wanaomwandaa mgonjwa kwa safari, wakaipakia. Wakachukua na koni zote ambazo sikuwa nimezifungua. Masweta hawakuyataka, yalikuwa na mistari ya shule shingoni, kwingine hayauziki. Mmoja wao, kijana mpole tu, alinigeukia mlangoni akasema, “Bibi, samahani.” Nilimjibu aangalie wasiinamishe mashine upande wa sindano.

Nilikuwa na mtaji wa sindano mbili na shilingi za mboga. Na uzi wa kununua haukuwapo hata kwa mwenye fedha. Malori yalipanga foleni mipakani yakisubiri madereva wapimwe, na muuzaji wangu wa Kariakoo alikuwa akipokea simu ili aseme hakuna.

Sikumbuki ni nani aliyenipa wazo la kufumua, au kama ni njaa. Kwenye mnada, jioni muuza mitumba anapokunja turubai, masweta mazito hubaki. Yana matundu, yana mikono mirefu ya watu wa nchi za baridi, mengine yamekatika kiwiko. Alikuwa tayari kuniachia kwa bei ya nyanya. Nikayapeleka nyumbani, nikaanza kuyafumua.

Kufumua kuna elimu yake, na kwa kuwa wengi wananiuliza, nitaieleza. Kabla hujalipa, geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kipande cha mbele na cha nyuma vimeunganishwa pindo kwa pindo, mshono mwembamba kama mnyororo, nunua: vipande vile vilifumwa kwa umbo lake, uzi unakwenda na kurudi bila kukatika. Ukiona mshono umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi za oveloki, achana nalo hata kama ni zuri. Lile lilikatwa kutoka kwenye kitambaa kikubwa, kila mstari wake umekwisha kukatika pembeni, utapata nyuzi fupi za kufungia maharage. Na kama sweta limewahi kufuliwa kwa maji ya moto likashikana na kuwa gumu, limeshakufa, halifumuki. Tazama pia matundu ya nondo. Tundu moja ni fundo moja. Matundu kumi ni hasara.

Halafu unachomoa uzi mmoja unauchoma. Akriliki inayeyuka, inaacha tone gumu jeusi. Sufu ya kondoo inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika vidoleni. Niliposikia harufu ile mara ya kwanza nilikaa kimya. Nimefuma zaidi ya nusu ya maisha yangu kitu kinachoitwa sufu, na sufu yenyewe sikuwa nimeishika. Kondoo wetu wa Ufipa wana manyoya mafupi yasiyosokoteka. Ukiwanyoa unapata kondoo anayetetemeka basi.

Unafumua mshono, unatenganisha mikono na kiwiliwili, unaanza juu, shingoni, maana sweta hufumwa kutoka chini kwenda juu na mstari wa mwisho ndio unaofunguka. Uzi unatoka umejikunja vijikunjo vidogo vidogo, unakumbuka bado ulivyokaa. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti hadi upate shada, unalifunga kwa kamba legevu sehemu chache, unalifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, unalitundika na kitu kizito chini yake. Mimi nilitumia makufuli. Likikauka vijikunjo vimenyooka. Uzi wa mitumba mara nyingi ni mwembamba, kwa hiyo unaunganisha miwili au mitatu pamoja, na hapo rangi zinachanganyika kwa namna ambayo hakuna koni ya Kariakoo itakupa: kijivu na majani makavu, bluu na maziwa.

Masweta ya shule hayakutakiwa, lakini watoto wachanga hawakusubiri korona iishe. Nilifuma seti zao: kisweta, kofia, soksi, zote kwa mkono, usiku kwa mwanga wa simu ya mjukuu. Akina mama walionunua moja kliniki walimwambia mwingine. Sufu inashika joto hata ikiwa na unyevu, na mtoto mchanga ana unyevu muda wote. Kuna mama mmoja kutoka kijiji cha juu, karibu na msitu wa Mbizi, aliyenilipa kwa debe la ulezi. Ulezi ule tulikula mpaka Agosti.

Padre mmoja mzee, Mzungu aliyekaa huku muda mrefu, aliponiona nimezungukwa na nyuzi, alicheka akasema kwao Ulaya kuna mji mzima unaoishi kwa kazi hiyo. Ni Prato, Italia. Kwa zaidi ya karne moja wananunua matambara ya sufu ya dunia nzima, wanayachambua kwa rangi, wanayachana yawe nyuzinyuzi na kuyasokota upya. Waingereza nao walifanya hivyo huko Batley tangu 1813. Nilifurahi kusikia nina wenzangu, ingawa wao wana mashine na mimi nina makufuli.

Katika mzigo mmoja ilitoka skafu. Si ya kufumua, kwa sababu ilifumwa kwa mtande na mshindio kama seketa ya babu, si kwa vitanzi. Laini, yenye miraba, na lebo yake ilisema Johnstons of Elgin. Mjukuu wangu anayesoma sekondari aliichukua simu yake, akatafuta.

“Bibi, hawa wameanza 1797.”

“Na sasa?”

“Wapo. Palepale, mji wa Elgin, Uskoti.”

Nilimwambia anisomee yote. Mto wanaoutumia unaitwa Lossie. Sufu na manyoya ya mbuzi wa kashmiri wanayatoa mbali, Australia, China, Mongolia. Kondoo wa Uskoti hawawatoshi. Lakini yakifika hapo, kupaka rangi, kusokota, kufuma, kumalizia, yote yanafanywa na wao. Nilimsimamisha kwenye neno kusokota. Mwaka 1797 watu wa bondeni Rukwa nao walikuwa wakifuma, na kwa mikono isiyo mibovu kuliko ya hao wa Elgin. Sisemi kwamba babu angekuwa na kiwanda. Ilikuwepo misafara ya watumwa, yakaja maboma, ikaja kodi, na Elgin hawakutozwa rupia na Mjerumani. Ninachosema ni kwamba watu hawa, vita vilipopita na mitindo ilipobadilika, hawakuuachia usokotaji utoke mikononi mwao. Sisi uliponyoka kwanza huo, mengine yakafuata. Skafu ile sikuiuza. Naivaa misa ya kwanza.

Juni 29 shule zote zikafunguliwa, katikati kabisa ya baridi. Walimu wakuu walipiga simu alfajiri. Masweta yale ambayo vijana wa bajaji waliyadharau yalikuwa bado kitandani, na mimi nilikuwa nimelala sakafuni miezi yote kuyapisha. Yalikwisha ndani ya wiki moja, ingawa wazazi wengine walilalamika kwamba watoto wamerefuka wakiwa nyumbani na mikono inaishia juu ya kifundo. Nikatoa fedha, kikoba kikaongeza, na mzee wetu wa duka la pembejeo, ambaye hapendi maneno mengi, akafuatana nami kwa mkopeshaji. Deni lilikuwa limezaa watoto na wajukuu. Mzee alikaa kwenye kiti bila kualikwa, akauliza swali moja tu: kama mkopeshaji ana leseni. Baada ya hapo hesabu ikawa fupi. Mashine ilirudi ikiwa na sindano saba zimepinda. Zile sindano nazo zinaagizwa Dar.

Tangu hapo nafanya kazi mbili. Mashine inafuma akriliki ya shule, mikono inafuma sufu ya mitumba. Nina mabinti wanaojifunza kwangu, na kitu cha kwanza ninachowafundisha ni kugeuza sweta ndani nje mnadani. Wengine huona aibu, wanataka waanze na mashine. Nawaacha waone aibu hadi koni ziishe.

Ukiniuliza kama ningependa Sumbawanga ijengewe kiwanda cha nguo, nitasema hapana, si cha kufuma. Wafumaji tupo wengi, kila mtaa, kuanzia hapa Mazwi hadi Katandala. Nijengewe cha kusokota. Hata kidogo, hata cha kuchana matambara kama yale ya Prato. Malighafi tunakanyaga kila siku mnadani.

Kwa sasa nina jambo la haraka zaidi. Shule moja imeamua kubadili sweta kutoka bluu kwenda damu ya mzee kuanzia Januari, na mwalimu mkuu ameniletea kipande cha kitambaa nifananishe rangi. Damu ya mzee kwenye mitumba ni adimu, haiwezi kuvisha shule nzima. Muuzaji wa Kariakoo anasema koni za rangi hiyo ziko ndani ya kontena linalokuja, nitume nusu ya fedha anishikie. Nimemwambia anitumie picha ya koni zenyewe, si ya kontena, ndipo tuzungumze.